Kijiti kwenye tundu la juu: historia fupi ya soketi yetu

Kama umekulia Tanzania, mchezo huu unaujua. Una chaja ya pini mbili za mviringo, soketi ya ukutani ina matundu matatu ya mstatili, na chaja inagoma kuingia. Unafanyaje? Unachukua kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu, unasukuma kwenye tundu la juu, na yale mawili ya chini yanafunguka. Chaja inaingia, maisha yanaendelea.

Mimi nilijifunza huo mchezo Isongole, wilayani Rungwe, dukani kwa baba mdogo kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Wazungu waliokuwa wanapanda kuona Ziwa Ngozi walipita hapo na simu zilizoisha chaji, na baba mdogo aliwatatulia kwa sekunde mbili tu. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo ya wiki tatu Ujerumani, habari ya adapta hata sikuiwaza. Usiku wa kwanza, laptop ikiwa na asilimia 11 na wasilisho langu la kesho asubuhi likiwa humohumo, ndipo nikagundua kwamba kijiti hakifanyi kazi upande wa pili. Pini zetu tatu nene haziingii kwenye matundu yao mawili ya mviringo, ufanye ufanyavyo.

Kinachoudhi ni kwamba umeme wenyewe ni uleule. Isongole ni volti 230 na hezi 50, Berlin ni volti 230 na hezi 50. Kilichonikwamisha ni umbo tu. Na umbo hilo lina historia.

Wajerumani ndio walioleta umeme wa kwanza Dar es Salaam, mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Tukuyu wakati huo waliiita Neu Langenburg. Lakini majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu mwaka 1916, na soketi ambayo Wajerumani wanaitumia leo ilibuniwa miaka ya 1920, wakiwa wameshaondoka. TANESCO ilipoanzishwa mwaka 1931, mtawala alikuwa Mwingereza, na vifaa vikafuata viwango vya kwao. Kwanza zilikuja pini tatu za mviringo, ambazo bado utazikuta kwenye baadhi ya majengo ya zamani. India na Afrika Kusini wanazitumia mpaka leo.

Pini za mstatili zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga na shaba ilikuwa adimu. Wataalamu wao wakapendekeza nyaya zizunguke nyumba kama duara, soketi nyingi zitegemee mzunguko mmoja wenye fyuzi ya ampea 30, badala ya kila soketi kuvutiwa waya wake. Shaba ikaokolewa, ila likazaliwa tatizo: fyuzi ya ampea 30 haiwezi kulinda kawaya kembamba ka taa ya mezani. Waya utaungua kabla fyuzi haijakatika. Ndiyo maana kila plagi yetu ina fyuzi yake ndogo ndani. Fungua moja uone.

Jambo la pili ni watoto. Kwenye kamati hiyo alikuwemo mhandisi Caroline Haslett, mwanamke pekee, na ripoti yao ilitaka soketi ambayo mtoto hawezi kuingiza kitu ndani yake. Ndiyo maana pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko wenzake: inatangulia kuingia na kufungua vilango vya matundu mawili yenye umeme. Kiwango hicho kilitoka mwaka 1947.

Sasa rudi kwenye kijiti chako. Unachokifungua pale ni mlango uliowekwa kumlinda mtoto. Tena pini za mviringo hazishikwi vizuri na matundu ya mstatili. Zikilegea, panapata joto na cheche.

Kwa hiyo ukisafiri, tenganisha mambo mawili. Umbo ni historia, na adapta inalimaliza. Volti ni fizikia, na adapta haiigusi. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Ikiandikwa 100–240V, kama zilivyo chaja nyingi za laptop na simu, itafanya kazi hata Marekani kwenye volti 120 au Japani kwenye volti 100. Pasi ni habari nyingine. Pasi ya hapa ikichomekwa Marekani itatoa kama robo tu ya nguvu yake. Ya kwao iliyoandikwa 120V, ukiichomeka Isongole, itavuta karibu mara nne ya inachostahimili, na hiyo imekufa.

Usiku ule aliyeniokoa ni dada mmoja Mkenya wa chumba cha jirani. Plagi yake ni kama yangu, maana mtawala alikuwa mmoja, ila yeye safari yake ya kwanza ilishamfundisha kubeba adapta. Nami niliporudi nilimletea baba mdogo adapta ya pini mbili za mviringo kwenda tatu za mstatili. Ameitundika dukani, juu ya boksi la viberiti.