Mgeni na huduma za kompyuta Tanzania: Wapi ruksa, wapi marufuku

Fundi simu wa Kasekese, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, anaweza kudhani masharti ya biashara kwa wageni ni mambo ya Dar es Salaam tu. Hapana. Tangu Julai 28, 2025 kazi yake inalindwa kisheria, na akimsaidia mgeni kuifanya anaweza kupigwa faini ya Sh5 milioni.

Mgeni anaingiaje sokoni?

Shirika la Biashara Duniani (WTO) linataja njia nne: huduma kuvuka mpaka (mfano kwa mtandao), mteja kuifuata nje, kampuni kufungua ofisi nchini, au mtaalamu kuja mwenyewe.

Kwenye mkataba wa huduma wa WTO (GATS), Tanzania iliahidi kufungua eneo moja tu: hoteli za nyota nne na kuendelea. Kwa huduma za kompyuta haijafungwa na ahadi yoyote pale, hivyo inajipangia masharti yenyewe.

Akiuza kwa mtandao akiwa nje

Hapa kubwa ni kodi. Tangu Julai 1, 2022, kampuni ya nje inayouza huduma za kidijitali kwa watu walioko Tanzania inatakiwa kujisajili TRA, kulipa asilimia 2 ya mapato ghafi, na kukusanya VAT kwa wateja wa kawaida.

Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Akifungua ofisi

Anapita BRELA, anachukua TIN na leseni ya biashara. Wataalamu wake wa kigeni wanahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi. Kutengeneza programu na kutoa ushauri wa TEHAMA havimo kwenye orodha ya marufuku.

Biashara zilizofungwa

Amri ya Julai 2025 ina biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Zinazogusa simu na kompyuta moja kwa moja:

- Ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki
- Kutuma na kupokea pesa kwa simu
- Kuuza bidhaa jumla na rejareja, mfano duka la simu (supamaketi zimeachwa)

Mgeni akikamatwa: faini isiyopungua Sh10 milioni au jela hadi miezi sita, au vyote viwili, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania aliyemsaidia: faini ya Sh5 milioni au jela hadi miezi mitatu. Mgeni aliyekuwa na leseni hai aliruhusiwa kuendelea mpaka iishe muda, ila haihuishwi.

Mkenya, Mrundi au Mkongo naye ni mgeni?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 1, 2010, inafungua huduma hatua kwa hatua kati ya nchi wanachama. Lakini amri inasema "asiye raia". Kenya ililalamika kwamba inakwenda kinyume na itifaki hiyo.

Kabla hujakubali

Ukiombwa leseni itoke kwa jina lako huku mwenye ofisi ya ufundi ni mgeni, faini ni yako pia. Pita kwanza kwa afisa biashara wa halmashauri ukaulize.