Kiwanuka wa Giants: mjukuu wa Jaji Mkuu aliyeuawa na Amin

Ukipita kwenye meza za mitumba Buguruni, hukosi jezi ya mpira wa Kimarekani: mabega mapana, namba kubwa, jina la mtu mgongoni. Vijana wanaipenda kwa sababu ni ngumu na inakaa vizuri mwilini. Jina lililoandikwa haliwashughulishi. Lakini katika timu ya New York Giants lilikuwepo jina moja ambalo mkazi wa Dar es Salaam alipaswa kulitambua mara moja: Kiwanuka.

Kila ifikapo Septemba 21, Mahakama ya Uganda humkumbuka Benedicto Kiwanuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Alikuwa kiongozi wa Democratic Party, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1962, na baadaye mtawala wa kijeshi Idi Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 aliamuru aachiwe Mwingereza aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Siku hizohizo, Septemba 17, wapiganaji wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin aliyekuwa akiishi uhamishoni hapa Dar es Salaam, walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashindwa vibaya. Siku nne baadaye askari waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe wakamtoa Jaji Mkuu. Inasimuliwa kwamba waliondoka naye bila viatu. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis, Marekani, Machi 8, 1983, kwa wazazi waliotoka Uganda. Alisoma sekondari ya Cathedral, kisha Boston College, ambako aliondoka na rekodi ya chuo ya kuwaangusha warusha mpira. Aprili 2006 Giants walimchukua katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, akiwa wa 32.

Kazi yake ilikuwa ya mstari wa mbele wa ulinzi. Mchezaji wa hapo hagusi mpira mara nyingi, na kufunga kwake ni nadra. Anasimama uso kwa uso na mijitu ya kilo 130 na zaidi, na mpira ukianza tu anawapenya au anawazunguka ili amfikie kwotabeki, yule anayepanga na kurusha, amwangushe kabla mpira haujamtoka mkononi. Akichelewa kidogo, akamkumba mrushaji baada ya mpira kuondoka, timu yake inaadhibiwa kwa kurudishwa yadi 15.

Hofu ya adhabu hiyo ndiyo iliyomponza. Novemba 26, 2006, mjini Nashville, Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0 robo ya mwisho inapoanza. Tennessee Titans wakaanza kurudisha. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu, Titans walikuwa na jaribio lao la mwisho na yadi 10 za kwenda. Kiwanuka, kijana wa msimu wa kwanza, akamfikia kwotabeki wa Titans, Vince Young, na kumkumbatia barabara. Mechi ilikuwa kama imekwisha. Kisha akamwachia. Aliamini mpira umeshatoka, akaogopa kuiponza timu kwa adhabu. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young, naye akatimua mbio yadi 19. Titans walisawazisha, kisha wakashinda 24 kwa 21 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho.

Magazeti ya New York yalimchambua bila huruma, na wapo mashabiki wanaolikumbuka jina lake kwa kosa hilo. Naona wanamwonea. Mtu aliyejizuia kumuumiza mwenzake kwa kuheshimu kanuni hastahili kukumbukwa kama mzembe.

Mwaka 2007 alihamishwa nafasi, akavunjika mguu Novemba, akaikosa fainali ya Februari 2008 ambayo Giants waliwafunga New England Patriots 17 kwa 14. Alipona. Agosti ya mwaka huo mchezaji mwenzake Osi Umenyiora, mwenye asili ya Nigeria, aliumia goti, na Kiwanuka akarudi mstari wa mbele kuziba pengo. Mwaka 2010 diski ya shingo ikamweka nje baada ya mechi tatu. Februari 5, 2012, Giants walikutana tena na Patriots katika fainali, safari hii Indianapolis, mji aliozaliwa. Alicheza, wakashinda 21 kwa 17. Mwaka 2015 klabu iliachana naye.

Hapa kwetu habari hizo sikuziona zikiandikwa. Inauma, kwa sababu jeshi letu liliingia Kampala Aprili 1979 kumng'oa Amin, mtu aliyemuua babu wa Kiwanuka, na ipo mitaa ya Dar es Salaam yenye familia zilizopoteza vijana katika vita hiyo. Watoto wetu wanafundishwa vita ya Kagera kama orodha ya tarehe, bila sura ya mtu hata mmoja.

Umenyiora yuleyule amekuwa akiongoza juhudi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, za kusaka vipaji Afrika. Kambi zilianzia Ghana mwaka 2022, mwaka uliofuata zikafika Nairobi. Vijana warefu wenye nguvu wanaobeba magunia kwenye masoko yetu usiku na mchana wapo tele, na vyama vyetu vya michezo vina kila sababu ya kuuliza namna ya kuwafikisha kwenye kambi hizo.