Sabuni ya kuona mtoto: majivu, mawese na kipimo katika historia yetu

Hapa kwetu Kimemi mtu haendi kuona mama aliyezaa na mikono mitupu. Tunapelekaka unga wa uji, kuni, kitambaa, pengine hata kuku. Lakini kitu kisichokosekana ni sabuni. Hata mwenye mfuko mwepesi atatafuta kipande kimoja. Kipande kile kinasema: umefanya kazi kubwa, mama, sasa na sisi tutakusaidia kufua.

Miaka michache iliyopita tulikwenda, sisi wanachama wa shirika hili, kuona mtoto wa mwenzetu mmoja. Siku ile tulitaka kufanya vizuri kuliko siku zote. Badala ya sabuni ya duka tukanunua sabuni zilizopikwa kwa mikono, za rangi ya dhahabu, zimefungwa katika majani ya migomba, na juu yake imeandikwa kwamba ni za asili. Baada ya siku tatu mama akatuita. Shingo na makwapa ya mtoto yalikuwa mekundu, na ngozi ilikuwa inabambuka. Muganga wa kituo cha afya alituuliza neno moja tu: « Hii sabuni ilipikwa lini? » Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini haya ilibaki kwetu. Ndiyo maana tukaanza kuuliza wazee na kusoma, ili tujue hii sabuni tunayotoa kama zawadi imetoka wapi, na tumepoteza nini njiani.

KABLA YA SABUNI YA DUKA

Tusidhani kwamba babu zetu walikaa wachafu mpaka mzungu alipofika. Katika milima ya nchi za Maziwa Makuu watu walijua majani na matunda yanayotoa povu. Mmea mmoja ambao wataalamu wanauita Phytolacca dodecandra unaota kutoka Ethiopia mpaka huku Kivu na kuendelea kusini. Waethiopia wanauita endod, na matunda yake yamefua nguo za vizazi vingi. Mwaka 1964 mtaalamu wao, Aklilu Lemma, aliona kule Adwa kwamba pale ambapo wamama walifulia na endod, konokono wa mtoni walikuwa wamekufa. Konokono wale ndio wanaobeba ugonjwa wa bilharzia. Tendo la kufua likafungua mlango wa dawa.

Lakini tuone upande mwingine vilevile. Mmea unaoua konokono ni sumu. Mtu akiula anaweza kuugua sana. Kwa hiyo neno « asili » peke yake halitoshi kusema kwamba kitu ni kipole. Wazee hawakusema: hii ni ya msitu, basi ni nzuri. Walisema: hii unaweka kidogo, ile usiguse, na ile nyingine subiri kwanza.

Ujuzi wa pili ni wa majivu. Kila mama mzee anajua maji ya majivu yanayolainisha maharagi na majani magumu katika chungu. Maji hayohayo ndiyo baba wa sabuni. Unakausha maganda ya ndizi, unayachoma mpaka yawe majivu meupe, unayaweka katika chombo chenye matundu chini na nyasi kavu ndani, kisha unamwaga maji polepole. Yanayodondoka ni maji ya rangi ya chai, yanateleza kwa vidole, yanauma ulimi. Ndani yake mna potasi, na ganda la ndizi linayo mingi. Ukiyachemsha mpaka yapungue, kisha ukayatia katika mafuta na kukoroga saa nyingi, unapata sabuni laini, nyeusi-nyeusi, inayokaa katika kopo kwa sababu haigandi kama tofali. Wenzetu wa Nigeria na Ghana wanapika ya namna hiyo mpaka leo, kwa mawese na majivu ya maganda ya kakao na ya ndizi, na dunia nzima inainunua kwa jina la sabuni nyeusi.

Kazi ile ilikuwa na mizani yake ingawa hapakuwa na kilo. Wapikaji wa nchi nyingi walitumbukiza yai katika maji ya majivu: likizama, maji ni dhaifu, likielea na kuonyesha mgongo kidogo, yamefika. Walionja sabuni kwa ncha ya ulimi: ikiuma, inarudi motoni. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

SABUNI ILIYOMFIKIA MFALME

Sabuni ya kiwanda ilitufikia kwa njia nyingine. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilipatana na William Lever, Mwingereza aliyetajirika kwa sabuni ya Sunlight, apewe maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na makao yake makubwa yalikuwa Leverville, ndiyo Lusanga ya leo katika Kwilu. Mwaka 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotoka katika mawese yale kilipelekwa kwa mfalme Albert katika kisanduku cha pembe ya ndovu.

Tazameni zawadi hiyo. Ilikuwa nzuri, na iliandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu waliolazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi kwa malipo ya haya, wengine mbali na vijiji vyao. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi. Kodi, kazi ya lazima na bei ya ngazi vilikuwa katika mizizi ya uasi ule, nao ukazimwa kwa bunduki na watu mamia wakafa. Kwa hiyo historia ya sabuni katika Kongo siyo historia ya usafi tu. Ni historia ya jasho pia.

Huku kwetu Butembo hatukuwa katika maeneo ya Lever. Mji wetu ulianza kukua mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, na mchikichi haupendi baridi ya milima yetu. Mawese yalitoka, na yanatoka mpaka leo, katika nchi za chini za Beni: Mbau, Oicha, Mangina, bonde la Semliki. Sabuni ya tofali ikaja pamoja na maduka, misheni na mishahara. Ilikuwa ngumu, nyepesi kubeba, haikuhitaji mtu kuchoma maganda. Ni haki yao wamama kuipenda! Lakini ujuzi wa majivu ukaanza kuitwa ujuzi wa maskini, na mabinti hawakuufuata tena.

WAKATI WA UHABA

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation, yaani maduka na mashamba ya wageni yakapewa wananchi wenye mkono mrefu. Biashara nyingi zikaanguka, na vitu vikakosekana. Baadaye pesa ikapoteza bei, na miaka ya 1991 na 1993 yakafuata mapora ya wanajeshi katika miji mingi. Wazee wetu walituelezea jinsi sabuni ilivyokatwa vipande vidogo kama sukari, na jinsi watu walivyorudi jikoni kupika yao.

Lakini hawakurudi kwenye majivu. Walitumia soda kostike, ile inayouzwa katika mifuko kama chembe nyeupe. Soda ina nguvu kuliko majivu, na inatoa sabuni ngumu ya kuuzika. Si kitu kibaya: sabuni yote ya tofali duniani inatokana nayo. Na kazi hii imelisha nyumba nyingi za Butembo na Beni. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji ulipowashwa mwaka 2013, kiwanda cha sabuni cha SICOVIR kilijengwa ili kitumie mawese ya wakulima wa palepale.

Shida ni kipimo. Kilo moja ya mawese inaomba karibu gramu 141 za soda ili mafuta yote yageuke sabuni. Mpikaji wa sabuni ya mwili anapunguza kidogo, anaweka 134, ili mafuta kidogo yabaki na kulinda ngozi. Sasa sikieni kosa ambalo ni rahisi kufanya: mtu anapima lita ya mawese akidhani ni kilo. Lita moja ina uzito wa karibu gramu 900 tu, nayo inaomba kama gramu 127. Akiweka 141, soda inabaki bila mafuta ya kushika, na hiyo soda itatafuta ngozi ya mtu. Mafuta ya kokwa za ngazi nayo yana hesabu yake, karibu gramu 176 kwa kilo. Anayepimia soda kwa kikombe au kwa macho anacheza na moto.

Kosa la pili ni haraka. Sabuni iliyomwagwa leo katika fremu inaonekana tayari kesho. Kazi kubwa inaisha katika siku mbili tatu, lakini sabuni inahitaji wiki 4 mpaka 6 za kukaa mahali penye hewa ili ikauke na iwe pole. Kungoja hakurekebishi kipimo kibaya. Lakini kipimo kizuri bila kungoja ni nusu ya kazi. Na bei ya mawese inasukuma watu wafanye haraka. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika Beni yamefukuza wakulima mashambani, wengine wameuawa huko huko. Mpikaji anayenunua mafuta kwa bei kali hawezi kuweka sabuni wiki 6 huku watoto wake wanalala njaa. Hatumhukumu. Tunasema tu kwamba ile sabuni yetu ya dhahabu ilitoka katika historia hiyo yote.

NGOZI NA ZAWADI

Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, na sabuni yoyote ya kweli, hata iliyo bora, ina tabia ya majivu. Ngozi ya mtu mzima inajirudisha upesi. Ya mtoto mchanga bado nyembamba, na watu wengine wanabaki na ngozi ya namna hiyo maisha yote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, na kwa majuma ya kwanza maji safi ya vuguvugu yanatosha mara nyingi. Marashi makali hayamfai.

Tulijifunza jambo hilo sisi wenyewe wakati wa Ebola. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa huo ulipata watu 3.470, na 2.287 walikufa, wengi wao huku kwetu Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Ndoo za kunawa zilisimama kwenye kila mlango. Zenye maji ya klorini zilikausha mikono yetu mpaka ikapasuka. Zenye sabuni tulizifurahia. Siku zile hakuna aliyeuliza tena kama sabuni ni zawadi ndogo.

Na tuseme jambo moja kwa mabinti wanaoolewa. Kuna sabuni za kujichubua zinazofungwa vizuri na kupewa bibi harusi. Baadhi zina zebaki, nayo inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umekataza vipodozi vya namna hiyo. Zawadi inayomwambia mtu kwamba ngozi yake haifai, hiyo si zawadi.

Sasa tufanye nini? Sisi tulirudi jikoni. Mama mzee mmoja mwenye kupika sabuni miaka mingi alitukubali kama wanafunzi, kwa sharti la kununua mizani kwanza. Alituonyesha kuvaa glavu, kutia soda katika maji na kamwe si maji katika soda, na kuandika tarehe juu ya kila fremu. Tulipomuuliza juu ya kupamba sabuni na jina la mtoto, akacheka: « Ninyi Wanande mnashindwa na hilo? »

Kweli, kwetu jina linajulikana mbele. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika. Akija msichana baada ya wavulana ataitwa Kahindo, na mvulana baada ya wasichana ataitwa Muhindo. Mwenye kutaka kuandaa sabuni ya zawadi anaweza kuipika mimba ikiwa ya miezi saba, achonge majina mawili katika ubao, apige nusu ya vipande kwa jina la kiume na nusu kwa jina la kike. Sabuni itakomaa pamoja na mimba. Siku ya kuona mtoto atachagua vipande vyake, na vingine vitafulia nepi. Hakuna kinachopotea.

Sisi tulichelewa. Tulirudi kwa mwenzetu mtoto akiwa amefikisha miezi minne, na vipande sita vyenye jina lake, na nyuma ya kila kimoja tarehe ya kupikwa. Mama yake hakuangalia jina. Aligeuza kipande, akasoma tarehe, akahesabu wiki kwa vidole. Kisha akakigusisha kwa ncha ya ulimi, kama walivyofanya wa zamani, akangoja kidogo, akasema: « Hii haiumi. Karibuni, mukae. »