Oktani ya petroli

Oktani hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya silinda bila kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Haipimi nguvu.

Magari mengi yanayoegeshwa Mtumba, Mji wa Serikali jijini Dodoma, yalitumika kwanza Japani, ambako petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na ya daraja la juu 96. Toyota IST iliundwa kwa ile ya kawaida. Kuiongezea oktani ni kupoteza fedha. Anayenufaika ni mwenye Subaru Forester ya tabo: oktani ikipungua, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na gari huwa zito.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi hupunguza mgandamizo, hivyo injini isiyo na tabo huhitaji oktani ndogo kuliko Dar es Salaam.