Mali Ikiuzwa Hairudi: Hii Sentensi Ilitoka Wapi?

Mwaka jana nilimnunulia mamangu blenda. Anauza juisi karibu na steji, na ile yake ya zamani ilikuwa imeanza kunuka moshi. Nikalipa shilingi 4,800 kwa duka moja mjini, pesa za kuweka kidogo kidogo miezi miwili. Siku ya tatu ikanyamaza, embe zikiwa ndani. Niliporudi nayo, mwenye duka hakufungua hata boksi. Alichukua risiti, akaweka kidole chini kabisa. "Kijana, soma hapo." Mali ikiuzwa hairudi.

Nikaondoka kama mtu aliyeshindwa kesi. Nikiwa kwa matatu ndio nikaanza kujiuliza: kwani nani alisema hairudi? Hayo maneno yako kwa risiti, yako kwa kuta za maduka, tumeyakuta hivyo tukadhani ni sheria. Nikaanza kusoma. Kumbe hii stori ni ndefu kuliko nilivyofikiria.

Twende Uingereza, 1603. Bwana mmoja, Lopus, alimlipa sonara Chandelor pauni 100 kwa jiwe aliloambiwa ni bezoa. Bezoa ni jiwe linalotoka tumboni mwa mnyama kama mbuzi, na watu wa enzi hizo waliamini linatibu sumu. Kumbe halikuwa bezoa. Kesi ikafika kwa majaji wa rufaa, na Lopus akaanguka. Sababu? Sonara alisema tu kwamba ni bezoa, hakutoa dhamana kwamba ni bezoa. Yaani kudanganywa ni shida yako, ungeuliza vizuri. Nikisoma hapo niliona ule uso wa mwenye duka wangu kabisa.

Msimamo huo ulipungua makali polepole. Ukinunua ng'ombe sokoni unaweza kumkagua meno, lakini bidhaa ya kiwandani utaikagua vipi? Mahakama zikaanza kusema muuzaji ana wajibu hata kama hajaahidi chochote. Mwaka 1893 Bunge la Uingereza likakusanya kanuni hizo kwenye sheria moja ya uuzaji wa bidhaa: ukinunua kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kitu lazima kiwe cha ubora unaostahili kuuzwa, na kama ulimwambia unakitaka kwa kazi gani, kifae kazi hiyo.

Sheria hiyo ikaletwa Kenya na wakoloni, karibu neno kwa neno. Ilianza kutumika 1931 na hadi leo tuko nayo, Sura ya 31. Lakini ilikuja na mlango wa nyuma. Karibu na mwisho kuna kifungu kinachoruhusu wauzaji na wanunuzi kukubaliana kuziondoa haki hizo zote. Kwa wafanyabiashara wawili wakubwa, kila mmoja na wakili wake, sawa. Lakini mimi na mwenye duka la blenda tulikubaliana saa ngapi? Risiti nilipewa baada ya kulipa! Hapo ndipo sentensi yetu ilipopata nguvu.

Waingereza wenyewe waliuona huo mlango. Wakaufunga kwa mteja wa kawaida kwa sheria ya 1973, wakaongeza nyingine 1977. Sisi tulikuwa tushapata uhuru 1963, kwa hivyo marekebisho yao hayakutufikia, na Bunge letu halikuharakisha. Tukabaki na nguo ya 1893 ambayo mwenye kuishona alishaitupa.

Mabadiliko yenyewe yalikuja na Katiba ya 2010. Kipengele cha 46 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012, iliyoanza kazi Machi 2013. Hii inasema haki zako zinabaki hata kama kuna makubaliano ya kuziacha, na maneno yanayojaribu kufuta masharti yale ya ubora ni batili. Basi. Mlango wa nyuma ukapigwa misumari.

Kitu kimoja kilinichekesha. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilinakiliwa kutoka sheria ya 2002 ya jimbo la Ontario, Kanada. Ndio maana ina vifungu kuhusu nyumba za likizo za kutumia kwa zamu. Mamangu na likizo ya zamu wapi na wapi? Wanasheria wanalalamika kuhusu kunakili huko, na wana haki, lakini mimi hicho kifungu kimoja nimekipokea kwa mikono miwili.

Nisieleweke vibaya. Ukinunua shati zima halafu ukabadilisha mawazo kuhusu rangi, duka halilazimiki kukurudishia pesa. Hapo mali kweli hairudi. Tunaongea kuhusu kitu kibovu. Na kwa hicho, ukikataliwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Nilirudi dukani na blenda, risiti, na kifungu nimekichapisha kwa saiba. Mwenye duka akasoma pole pole, akanitazama juu ya miwani. "Hii ni sheria ya wapi?"

Nilitaka kusema Kanada. Nikasema, "Ya hapa, mzee."

Tulibishana karibu nusu saa. Wateja wawili wakasimama kusikiliza, na nadhani hao ndio walimlainisha. Akatoa blenda nyingine, tukaiwasha hapo hapo, ikanguruma. Akaniandikia risiti mpya. Nikaigeuza nje ya mlango. Chini kabisa, wino ule ule: mali ikiuzwa hairudi.