Upangaji wa stahiki katika programu ya mishahara

Upangaji wa stahiki ni kazi ya kuiwekea programu ya mishahara masharti yanayoamua nani alipwe nini, akatwe nini na kuanzia lini, bila mhasibu kukokotoa upya kila mwezi. Nchini Tanzania, haki za mfanyakazi hutoka katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na katika mkataba wake. Programu huzitekeleza kama ilivyoelekezwa.

Masharti

Kila mfanyakazi huwa na jalada lenye tarehe ya kuajiriwa, aina ya mkataba, mshahara wa msingi, posho na mfuko wa hifadhi ya jamii. Programu hulinganisha jalada hilo na masharti ya sheria. Likizo ya mwaka ya siku 28 huhitaji, kwa kawaida, miezi 6 kazini; wafanyakazi wa msimu wana utaratibu wao. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5.

Mpangilio wa makato

Makato yana zamu yake, na zamu ikivurugika kodi hukosewa. Kwa mshahara wa shilingi 800,000 usio na posho, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10, yaani 80,000, hutangulia. Kodi hutozwa kwenye 720,000 zilizobaki: 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000, jumla 60,000. Mkononi hubaki 660,000. Mfanyakazi akiwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000, na kubaki na 540,000.

Tarehe

Kila kiwango huingizwa pamoja na tarehe ya kuanza kutumika. Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mshahara uliolipwa Juni ulistahili kukokotolewa kwa kiwango cha zamani.

Tarehe ya kuajiriwa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Aliyeajiriwa 9 Machi 2024 akiandikwa 9/3/2024 katika programu inayotanguliza mwezi kwa mtindo wa Marekani, husomeka ameanza 3 Septemba. Likizo aliyostahili kuanzia Septemba husogezwa hadi Machi mwaka unaofuata, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Uhakiki

Kabla ya kuutegemea mfumo, ni vyema hesabu zake zilinganishwe na za mkono kwa mwezi mmoja au miwili, hasa kwa aliyeanza kazi katikati ya mwezi, aliyetoka likizo ya uzazi na mgonjwa aliyefika siku ya 64. Sheria hutaka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Hati hiyo ionyeshe tarehe ya kuajiriwa na siku za likizo zilizobaki, kwa kuwa mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeikumbuka vizuri siku aliyoanza kazi.