Sampuli

Mnunuzi mzoefu wa mahindi pale Konyo Konyo, Juba, haridhiki na yaliyo mdomoni mwa gunia. Anachoma bambo ubavuni, yanachuruzika ya katikati. Hiyo ndiyo sampuli.

Wataalamu wa usonji wana haraka kuliko yeye. Mapitio ya watafiti wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikusanya tafiti 1,013 za afua za usonji, za 1990 hadi 2017. Robo tu zilitaja asili ya washiriki, na humo Wazungu walikuwa takriban asilimia 65. Mtoto wa Juba, anayesemeshwa Kiarabu cha Juba nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza, utamwona wapi? Halafu ripoti inaandika “watoto wenye usonji”, kana kwamba ni wote. Iandike basi: wa wapi, na wanaongea lugha gani.